Mstari wa Chokaa Kaloleni

Mwaka niliomaliza chuo nilikaa nyumbani Donholm hadi majirani wakazoea kuniona nikianika nguo saa za kazi. Nilikuwa na diploma ya maendeleo ya jamii, kozi niliyoichukua kwa sababu alama zangu hazikufika za famasia, na kwa kweli sikujua mtu mwenye diploma hiyo hufanya nini akiamka asubuhi. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshahama nyumbani. Baba alikuwa karani katika ghala moja kule viwandani. Mama alishona sare za shule sebuleni, cherehani yake ikiwa imesogezwa dirishani ipate mwanga. Hawakunisema. Mama alinipa mashati nikate nyuzi zilizobaki, na Baba akirudi jioni aliuliza tu kama kuna mtu aliyepiga simu.

Simu ilipigwa siku niliyokuwa nimeacha kuingoja. Shirika dogo lilikuwa limepewa kazi ya kuongea na wakazi wa Kaloleni kabla ya bomba jipya la majitaka kuchimbwa, na lilitaka mwanagenzi wa kusaidia kushirikisha jamii. Nilidhani ni kazi ya kugawa fulana na kupiga picha watu wakitabasamu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kukata nyuzi.

Maisha yangu yote nilikuwa nimepita kando ya Kaloleni nikielekea mjini, na sikuwahi kuingia. Niliingia nikashangaa kukuta nyasi. Nyumba zenyewe ni za chini, za mawe, zilizojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya watu wa reli na wa baraza la jiji, na kati ya nyumba na nyumba kuna uwanja na ua wa kayaba, ule mti wa miiba ambao mbuzi hawezi kuupenya. Vijana wanauita mtaa wao Ololo. Siku hizi kila uwanja una vibanda vya mabati vilivyoongezwa kwa wapangaji, lakini nyuma ya safu moja ya nyumba, ile iliyokuwa upande wangu wa kazi, hapakuwa na kibanda hata kimoja. Palikuwa na majani tu, mpera mmoja, bomba la maji ya kufulia na kamba za kuanikia nguo. Nilipaona pazuri. Sikujiuliza kwa nini katika mtaa ambao kila mtu anatafuta pa kujenga, pale palikuwa pamebaki wazi.

Mabomba ya zamani yalikuwa yamechoka. Mvua ikinyesha, maji machafu yalirudi kupitia vyooni na kuingia hadi vyumbani. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba bomba linatakiwa. Kwenye mkutano wa ukumbini, msimamizi wangu alieleza, mwenyekiti wa wakazi akaunga mkono, mikono ikainuliwa, na tukapiga makofi. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi hata kwenye matope. Alinitazama kama anayesema kwamba kazi hii ikienda vizuri huwa rahisi namna hii.

Siku ya kupima mstari nilishika ncha ya kamba. Watu wa mhandisi waliivuta kutoka barabarani hadi nyuma ya ile safu ya nyumba, nikaifunga kwenye kigingi nilichokipigilia kwa jiwe, nao wakamwaga chokaa kuifuata. Wanawake walikuwa milangoni wakitutazama. Niliwapungia mkono kwa sababu nilikwisha kunywa chai kwao wote. Hawakunipungia. Nilifikiri ni jua linawaumiza macho.

Asubuhi ya kuchimba tulifika na wachimbaji na sururu zao, na tukawakuta wale wanawake wameketi juu ya chokaa. Wote, wa safu ile nzima. Wengine walikuwa na vigoda, wengine wametandika leso chini, mmoja alikuwa na sufuria ya mboga mapajani akichambua kama kwamba amekaa jikoni mwake. Hawakuwa na mabango wala hawakuimba. Mmoja wa wachimbaji alicheka akauliza hawa wamama wanataka nini. Msimamizi akaongea nao kwa heshima, kisha mwenyekiti akaongea kwa ukali, kisha mhandisi, ambaye alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, akajaribu kuwaeleza upya faida ya bomba. Walisikiliza. Walipomaliza kusikiliza, waliendelea kukaa.

Nilisimama pale nikiwa nimepigwa na butwaa. Hawa ndio walionieleza jinsi maji machafu yalivyoharibu magodoro yao. Mmoja alikuwa ameniambia, huku amenishika mkono, kwamba hata tukija kesho tutakuwa tumechelewa.

Mwenyekiti alisema wanatafuta fidia na watanyamaza wakipewa kitu. Msimamizi hakuwa na hakika. Aliwarudisha wachimbaji, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye unayekunywa chai yao," akasema. "Nenda ukajue."

Nadhani alinituma kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda.

Nilianza na mama mzee ambaye safu nzima ilimwita Kukhu, neno la Kiluhya la nyanya. Alikuwa amekuja Nairobi kama mke wa kijana wa reli, na mume wake alikuwa ameshafariki. Aliuza saga na mrenda mbele ya mlango wake. Nilimwuliza moja kwa moja kwa nini wanakataa bomba. Aliendelea kufunga mafungu ya mboga.

"Uliza kingine, mjukuu wangu," akasema.

Kwa jirani yake nilipata jibu la namna hiyo, na kwa jirani wa jirani mlango haukufunguliwa. Nilirudi Donholm nimeudhika, nikamwambia Mama kwamba watu hawa hawajui wanachotaka. Aliendelea kukanyaga cherehani. Akasema labda wanajua, ila hawajui wamwambie nani.

Basi nikaacha kuuliza. Sikuwa na mpango wowote. Niliishiwa tu na maswali, na msimamizi alikuwa amenikataza kurudi ofisini mikono mitupu. Nikawa naenda kwa Kukhu asubuhi, nachambua mrenda, naosha vikombe, natumwa dukani. Nilijua nani amefiwa kwao Butere na nani binti yake amepata kazi ya uaskari. Wanawake walizoea kuniona na wakaacha kunyamaza ninapoingia. Ila mazungumzo yakikaribia uwanja wa nyuma, yaligeuka, kama mtu anayetembea gizani nyumbani mwake na anajua meza iko wapi.

Kisha mvua ikaja. Ilianza kabla ya saa sita mchana, na nilipofika kwenye safu ile maji yalikuwa yameshainua kifuniko cha shimo la majitaka na yanatoka kwa nguvu. Wanawake walikuwa wanateka maji vyumbani kwa beseni. Nilikimbilia kwa Kukhu nikitarajia kumkuta juu ya kitanda, kwa sababu miguu yake ilikuwa mibaya. Nyumba ilikuwa tupu. Ndala zake zilikuwa zinaelea majini, mlango wa nyuma uko wazi.

Nilimwona nje, kwenye mvua, ameinama kando ya kayaba, anavuta gunia la udongo. Alikuwa amelisogeza kidogo kidogo kutoka ukutani na nguvu zilikuwa zimemwishia. Maji yalikuwa yameanza kuchonga njia kwenye majani, yanaelekea pale alipotaka gunia likae. Nilikimbia nikalishika. Nilimwambia aingie ndani, godoro lake linaloa, mboga zinaondoka, hapa tunaokoa nini. Nilipoona haondoki nikadhani kuna mche wa thamani.

"Umepanda nini hapa, Kukhu?"

Hakuniangalia.

"Mtoto wangu," akasema. "Vuta upande huo."

Nilivuta upande ule. Nakumbuka kwamba mikono yangu ilielewa kabla yangu, kwa sababu nililiweka gunia polepole, kama kitu kinachoweza kuumia. Kichwani nilikuwa bado natafuta maana nyingine ya maneno yale. Nilijiambia kwamba Kiswahili si lugha yake ya kwanza, kwamba amesema jambo moja akimaanisha jingine. Kisha nikamtazama usoni, mvua inamtiririka, nikajua kwamba amesema alichomaanisha.

Tulipoingia ndani alinipa leso nijifute, na tukakaa juu ya meza, maji yakiwa chini yetu, na akanieleza. Hakulia. Aliongea kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mtu mzima wa kwao, alisema, hazikwi Nairobi. Atarudishwa nyumbani kwa vyovyote. Lakini mtoto aliyezaliwa bila kulia, ambaye hakuna aliyepata nafasi ya kumwita jina, hakuna aliyemsafirisha. Haukuwa msiba wa kuwekewa turubai wala waombolezaji. Ilisemwa tu kwamba mama amepoteza mimba, na mama alitakiwa ainuke. Kwa hiyo wanawake wa safu walifanya wenyewe, wanaume wakiwa wamekwenda reli. Walimfunga mtoto kwa leso, wakachimba karibu na kayaba kwa jembe la kupalilia, wakarudisha majani juu. Yeye hakuona. Alikuwa kitandani. Siku alipopata nguvu ya kusimama, jirani alimshika mkono akampeleka hadi pale, akamwambia, ni hapa.

Baadaye, alipokuwa yeye ndiye jirani, aliwashika wengine mkono.

Nilimwuliza wengine wangapi. Alinyoosha kidole kupitia mlango wa nyuma, polepole, kutoka mwisho mmoja wa kayaba hadi mperani, kisha hadi kwenye nguzo za kamba za nguo, na kidole hakikusimama mahali pamoja kwa muda wa kutosha nihesabu. Wengine walikuwa wa wanawake waliokwisha kufa. Wengine walikuwa wa wanawake waliohama, wakimwachia yeye awatazamie. Ndiyo maana hakuna aliyejenga pale. Kila mpangaji mpya aliyeanza kuleta mabati aliambiwa na mke wa mtu kwamba udongo wa pale ni mbaya, akaenda kujenga kwingine.

Nilikumbuka ile kamba. Nilikumbuka kigingi nilichokipigilia kwa jiwe, mahali hasa nilipokipigilia, na kwamba nilikuwa naimba. Nilifunika uso kwa leso aliyonipa. Kukhu aliona, akaniwekea mkono mgongoni.

"Hukujua," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa: "Na usiende kulisema ukumbini."

Waume zao hawakujua, alinieleza. Au kama walijua, hawakuwahi kusema kwamba wanajua, na lilikuwa jambo lilelile. Yeye aliishi na mume wake hadi uzee na hawakulitaja hata siku moja. Wanawake hawa hawangesimama mbele ya mwenyekiti na vijana wenye simu na kueleza kilichomo mle. Afadhali maji yaingie vyumbani.

Niliahidi. Kesho yake nilikaa mbele ya msimamizi, nikamwambia kwamba nimepata sababu, na kwamba si yangu kuisema. Alidhani namfanyia mzaha. Alisema amenipa wiki nyingi, kwamba kazi imesimama kwa sababu ya uwanja wa majani, na kwamba kama siwezi kuleta jibu anaweza kupata mwanagenzi mwingine anayeweza. Sijawahi kuwa mtu wa kubishana. Nilisikia sauti yangu ikimwambia kwamba mwanagenzi mwingine ataanza kwa kubisha mlango, na mlango hautafunguliwa. Nikamwomba kitu kimoja: mhandisi aje nyumbani kwa Kukhu, peke yake, akae. Asije na ramani.

Alichukua simu yake akatoka nje kuongea.

Kukhu alikasirika nilipomwambia. Alisema siri yake nimeiuza nusu. Lakini aliwaita wenzake, wakafunga mlango nami nikiwa nje, na walipofungua walisema mhandisi aje.

Alikuja mchana na buti zake, akazivua mlangoni bila kuambiwa. Alipewa kigoda. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wengine wamekaa kitandani, wengine chini. Kukhu ndiye aliyeanza, na alieleza kama alivyonieleza, bila kupunguza wala kuongeza. Kisha mwingine akasema wake alikuwa chini ya mpera. Mwingine akasema wake alilia kidogo, alfajiri, na kufikia saa ya chai alikuwa amenyamaza. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na nilijua ninachokwenda kusikia, na bado kila mmoja alipoanza nilishtuka upya, kwa sababu hawa ndio waliokuwa wakinicheka nilivyochambua mrenda.

Wakamaliza wote. Ndipo akaongea mwanamke mmoja kijana, wa umri wangu hivi, mpangaji wa kibanda cha mabati upande wa mbele. Alikuwa muuzaji wa chapati, mcheshi, mwenye kunisalimia "niaje" kutoka mbali. Nilidhani amekuja kusindikiza wakubwa.

"Wangu ni wa mwaka jana," akasema.

Kukhu aligeuka kumtazama. Hakuna mmoja wao aliyejua. Msichana alikuwa amejifungulia kibandani kabla ya wakati, peke yake, mume wake akiwa safarini, na alijua kuhusu uwanja ule kwa sababu siku moja aliwasikia wazee wakiongea. Alikwenda akachimba mwenyewe, na hakuna aliyemshika mkono kumwonyesha mahali. Alisema yuko karibu na bomba la maji, upande wa kushoto, na kwamba yeye hukaa pale akifua.

Mimi nilikuwa nimeshaliweka jambo hili katika miaka ya reli na leso za zamani, pamoja na vitu vilivyopita. Nilimtazama msichana yule na mikono yake yenye unga. Kukhu aliinuka kwa shida, akavuka chumba akikanyaga miguu ya watu, akaenda akakaa karibu naye. Alimshika mkono wakakaa hivyo.

Mhandisi hakuandika chochote. Aliomba aonyeshwe. Tulitoka naye nyuma, akatembea taratibu ukingoni, akielekezwa, akiuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kukanyaga hapa. Mwishowe alisimama barabarani akautazama upande wa pili wa nyumba, upande wa njia ya miguu, kwa muda. Bomba likipita huko lingezunguka, na baraza la kinyozi mmoja lingevunjwa na kujengwa tena. Alisema inawezekana. Alivaa buti zake, akamshukuru kila mmoja kwa mkono, na nilimwona akifika kwenye gari lake na kukaa ndani muda mrefu bila kuliwasha.

Msimamizi aliambiwa kwamba ardhi ya pale haifai kuchimbwa. Alinitazama, nikatazama viatu vyake. Hakuuliza tena, wakati ule wala baadaye, na kwa hilo nimemheshimu hadi leo.

Sikuweza kula jioni ile. Nilikuwa nimeahidi kutolipeleka ukumbini, na Kukhu mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba mama yangu si ukumbi. Kwa hiyo nilimweleza Mama. Nilieleza nikiwa nimeangalia kitambaa mkononi mwangu, na nilifika mbali kabla sijatambua kwamba cherehani imenyamaza.

"Kati yako na kaka yako kulikuwa na mwingine," Mama akasema.

Nilimwangalia. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya gurudumu la cherehani kama anayelizuia lisizunguke.

Alinieleza kwa maneno machache. Alijifungua hospitalini, na alipozinduka mtoto alikuwa ameshaondolewa. Aliambiwa na shangazi zake kwamba asiulize, ataumia zaidi, atapata mwingine. Hakuuliza. Hata kama alikuwa wa kike au wa kiume hakuuliza. Alirudi nyumbani, na miaka iliyofuata akanizaa mimi, na nikawa yule mwingine. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, ninajua hadi jinsi anavyohema akitafuta sindano, na sikuwa nimewahi kuona dalili.

Kisha akauliza mahali pao pale Kaloleni panafananaje.

Jumapili baada ya ibada nilimpeleka. Nilikuwa na wasiwasi: Mama ni Mkamba asiyependa kuingia nyumba za watu, na sikuwa nimemweleza Kukhu anakuja kwa nini. Kukhu hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mara moja, akamshika mkono, wakapita moja kwa moja ndani ya nyumba hadi mlango wa nyuma, nami nikabaki nikiteleka chai. Niliwaona kupitia mlangoni wakitembea kando ya kayaba, mmoja mrefu, mmoja ameinama, wakisimama mahali na mahali. Waliporudi macho ya Mama yalikuwa mekundu, lakini alikunywa chai vikombe viwili. Kukhu alimwuliza Mama mume wake anasemaje kuhusu mtoto yule. Mama akasema hawajawahi kuongea.

"Mimi sikumwuliza wangu," Kukhu akasema, "na sasa hayupo. Wako yupo. Muulize."

Hakumwuliza siku ile wala iliyofuata. Alimwuliza Jumamosi mchana, tukiwa mezani, Baba amerudi kutoka kazini nusu siku. Nilitaka kuinuka nikaona nimechelewa. Mama aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: yule mtoto wetu, walimpeleka wapi.

Baba aliweka kijiko chini. Nilidhani hatajibu. Baba ni mtu anayejibu hata habari za asubuhi kwa kufikiri.

"Nilimzika mimi," akasema.

Alisema muuguzi alimwuliza kama familia inataka kumzika au wamwachie hospitali, na yeye akasema hapana, ni wangu, nipeni. Alimbeba. Alikwenda naye makaburini, mhudumu wa pale akamsaidia kuchimba, na aliweka jiwe. Alirudi hospitalini akamkuta Mama amegeukia ukutani, na wazee walikuwa wamemwonya asimfunue kidonda. Akasubiri Mama aulize. Mama hakuuliza. Miaka ikapita, na kila mwaka, alisema, ulifanya jambo lile kuwa gumu kuliko mwaka uliotangulia. Lile jiwe alikuwa amekwenda kulitazama mara nyingi, siku ambazo sisi tulijua ameshikwa na kazi.

"Alikuwa msichana," akamwambia Mama. Akanyoosha mkono juu ya meza na kumgusa kwenye paji la uso. "Hapa alikuwa wewe."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Mimi nilikuwa nimeshika sahani na sikujua niiweke wapi. Nilikuwa na dada. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Baba yangu, ambaye nilidhani hana siri kubwa kuliko bahati nasibu, alikuwa amembeba mikononi.

Walikwenda pamoja juma lililofuata. Hawakunialika, na sikuomba. Waliporudi viatu vyao vyote vinne vilikuwa na udongo mwekundu, wakaviacha mlangoni, na Baba ndiye aliyevisafisha.

Bomba la Kaloleni lilichimbwa upande wa njia ya miguu. Kinyozi alilalamika hadi alipopata baraza jipya, kisha akasema ndilo alilokuwa analitaka siku zote. Masika yalipofika nilikwenda kwenye safu ile mvua ikiwa inanyesha, nikamkuta Kukhu amekaa ndani, miguu mikavu, akigombana na redio. Nyuma, mume mzee wa jirani yake alikuwa amevaa koti la mvua na anakata majani kwa panga. Alikata vizuri uwanjani kote, na alipokaribia kayaba alipiga magoti na kuendelea kwa mkasi. Nilimtazama Kukhu. Akasema alianza hivyo tangu bomba lihamishwe, na hakuna aliyemwambia kitu. Mke wake humpelekea chai palepale.

Muda wangu wa uanagenzi ulipokwisha, msimamizi aliniuliza kama nitabaki. Nilishangaa jinsi nilivyojibu haraka. Nilikuwa nimekuja kwa sababu ya kuchoka, na sasa nilikuwa nahofia kwamba mtu mwingine atapewa kushika ile kamba. Nimebaki. Siku hizi hatumwagi chokaa popote kabla hatujakaa na wanawake, na kabla hatujakaa, kando na wao, na wanaume. Tunauliza ni wapi pasiguswe. Wengi husema hakuna. Tunarudi, tunauliza tena tukiwa tunafanya jambo jingine.

Mwezi uliopita tulikuwa Pumwani kwa ajili ya mtaro. Nilikuwa nimekaa na baba mmoja anayeuza viatu vya mitumba, namsaidia kupanga jozi, na nikamwuliza. Aliacha kupanga. Alimwita jirani amlindie biashara, akafuta mikono kwenye suruali, akaniambia nije. Niliweka chini viatu nilivyoshika, nikamfuata nyuma ya nyumba.